Hataza za Amonia na Urea: Tuliyojifunza Kazini

Kampuni inayouza teknolojia ya kemikali haiuzi mbolea wala gesi. Inauza ruhusa ya kutumia mchakato wake, michoro ya vyombo, dhamana kwamba mtambo utatoa tani zilizoahidiwa, na mafundi watakaokuja kuuwasha. Kwenye amonia na urea majina makubwa yanahesabika: Casale ya Lugano (Uswisi), Topsoe ya Denmark, KBR ya Marekani, thyssenkrupp Uhde ya Ujerumani, Stamicarbon ya Uholanzi, Saipem ya Italia na Toyo ya Japani. Kila moja ina hazina yake ya hataza, yaani haki za kisheria za kulinda uvumbuzi kwa muda, na wauzaji wao hupenda kutaja wingi wake.

Sisi tunaosoma na kuandaa hataza za aina hii huanza na swali jingine. Mtu akitaka kujenga mtambo kama huu, ni mahali gani hasa atalazimika kupita, na hapo pana dai (sentensi ya hataza inayotaja kinacholindwa) la nani lililo hai? Hataza chache zilizokaa pasipo na njia ya kukwepa zina uzito kuliko mamia yaliyotawanyika kandokando.

Kuhesabu

Uvumbuzi mmoja ukiombewa hataza katika nchi 25 huzaa nyaraka 25, na mara nyingi zaidi, kwa kuwa ofisi nyingi hutangaza ombi kwanza na hataza baadaye. Zote hizo ni familia moja. Hesabu familia. Kisha tazama alama iliyo mwishoni mwa namba. Ya Ulaya ikiwa na A1 au A2 ni ombi lililotangazwa tu, A1 pamoja na ripoti ya utafutaji, A2 bila ripoti. B1 ndiyo hataza iliyotolewa, na B2 ni ile iliyorekebishwa baada ya kupingwa. Ya Marekani, A1 ni ombi, B1 na B2 zote ni hataza zilizotolewa. Namba inayoanza na WO si hataza mahali popote duniani. Ni ombi la kimataifa ambalo bado linapaswa kuingizwa nchi moja moja. Kiambatisho cha mkataba wa leseni kikiwa kimejaa namba za WO, mnunuzi anaonyeshwa maombi, na mengine huenda yameshaachwa.

Kutafuta hakugharimu kitu: hifadhidata za Espacenet na Patentscope ziko wazi kwa kila mtu. Usitegemee maneno peke yake, kwa sababu kinu kile kile mmoja atakiita kinu, mwingine chombo cha mmenyuko, mwingine kifaa cha usanisi. Tumia alama za uainishaji: C01C 1/04 kwa usanisi wa amonia, C07C 273/04 kwa urea inayotokana na amonia na kaboni dioksaidi, B01J 8 kwa vinu vyenye matabaka ya kichocheo, B01J 23 kwa vichocheo vya metali. Jina la mwombaji nalo hupoteza watu. Casale iliwahi kuomba kwa majina ya Ammonia Casale na Urea Casale. Snamprogetti imo ndani ya Saipem. Topsoe zamani iliandikwa Haldor Topsøe. Ukitafuta jina la leo tu, sehemu nzito ya hazina inabaki gizani.

Baada ya hapo chukua karatasi kubwa uchore mtiririko wa mtambo tangu gesi asilia inapoingia: kuondoa salfa, tanuri la kwanza la mvuke, la pili lenye hewa, kubadili kaboni monoksaidi, kuondoa kaboni dioksaidi, kusafisha mabaki kwa kuyageuza methani, kompresa, mzunguko wa usanisi, kupooza na kutenga amonia, gesi inayotolewa ili isirundikane. Bandika kila familia mahali pake. Kwa kila moja andika tarehe ya kipaumbele (siku ombi la kwanza lilipowekwa), nchi ambako bado iko hai, lini ada ya mwisho ya kuidumisha ililipwa, na dai huru (lisilotegemea dai jingine) la kwanza kwa maneno yako mwenyewe, sentensi moja. Ongeza safu ya mwisho ambayo wengi huisahau: je, mtu aliye nje ya ukuta wa kiwanda anaweza kujua kwamba dai hili linatumika? Safu hiyo ndiyo itakayoamua mambo mengi huko mbele.

BASF, 1908 hadi 1913

Anayetaka kuelewa jinsi hazina ya hataza za mchakato inavyojengwa asianze na kampuni za leo. Aanze na BASF, kampuni ya kemikali ya Ujerumani, na amonia ya mwanakemia Fritz Haber, kwa sababu pale matabaka yote yanaonekana bayana.

Tabaka la kwanza ni mchakato. Ombi lililowekwa Oktoba 1908, lililopata namba DRP 235421 Ujerumani, halikudai amonia. Amonia ilijulikana tangu zamani. Lilidai njia: naitrojeni na haidrojeni zizungushwe mfululizo juu ya kichocheo chini ya shinikizo, amonia itolewe shinikizo likiwa bado juu, gesi isiyobadilika irudishwe, na joto la gesi inayotoka lipewe gesi inayoingia. Tazama uzuri wa dai hilo. Kwa kila mpito juu ya kichocheo sehemu ndogo tu ya gesi hugeuka amonia. Mitambo ya leo nayo hupata takriban asilimia 15 hadi 20. Anayetaka faida karibu hana budi kurudisha gesi. Dai limekaa pale ambapo kemia yenyewe inamsukuma kila mtu apite.

Tabaka la pili ni kichocheo. Haber alionyesha kazi yake Julai 1909 akitumia osmiamu, metali adimu mno isiyoweza kuendesha kiwanda. Alwin Mittasch na wenzake ndani ya BASF walijaribu maelfu ya michanganyiko, na sampuli ya magnetaiti kutoka Gällivare, Sweden, ndiyo iliyowaonyesha kwamba chuma chenye viongezo vidogo kinafanya kazi vizuri kuliko chuma safi. Kutoka hapo wakafikia chuma chenye oksidi ya alumini, potasiamu na kalisi, jamii ambayo bado inatumika kwenye vinu vingi hadi leo. Hataza za kichocheo ziliwekwa kuanzia 1910.

Tabaka la tatu ni chombo. Mabomba ya chuma cha kaboni yalipasuka baada ya saa 80 hivi. Carl Bosch, mhandisi wa BASF, aliyapasua akakuta sababu: haidrojeni yenye moto na shinikizo hupenya ndani ya chuma, hula kaboni yake, na kukiacha chenye nyufa na rahisi kuvunjika. Alitenganisha kazi mbili. Bomba la ndani la chuma laini kisicho na kaboni lilizuia gesi bila kubeba mzigo, na ganda la nje la chuma imara lilibeba shinikizo. Haidrojeni kidogo iliyopenya bomba la ndani ilitoka kupitia vitundu vilivyotobolewa kwenye ganda kabla haijadhuru kitu. Kiwanda cha Oppau kilianza Septemba 1913, kikiwa na uwezo wa tani 30 hivi kwa siku.

Mchakato, kichocheo, chombo. Aliyepata njia ya kukwepa tabaka moja alikutana na jingine, na hazina nzuri za leo bado zina muundo huo.

Hataza ya Haber ya shinikizo kubwa ilipingwa na kampuni ya Hoechst huko Leipzig mwaka 1912, hoja ikiwa kwamba mwanakemia Walther Nernst alikwisha kufanya kazi ya amonia chini ya shinikizo. Nernst mwenyewe alitoa ushahidi upande wa BASF, na pingamizi likaanguka. Somo la kiutendaji ni kwamba kazi ya awali (iliyojulikana kabla ya ombi) iliyo hatari kuliko zote mara nyingi ni makala ya mwanasayansi wa chuo, wala si hataza ya mshindani. Tafuta huko kabla ya mtahini wa ofisi ya hataza kutafuta.

Kingine ni muda. Sheria ya Ujerumani ya 1877 ilitoa miaka 15. Kutoka ombi la 1908 hadi Oppau ilipita miaka 5. Leo ni miaka 20 tangu ombi, ila kutoka maabara hadi mtambo wa kwanza wa mteja hupita kwa urahisi 7 hadi 10. Aliyeweka ombi mapema mno amekwisha kutumia nusu ya ulinzi wake kabla ya malipo ya kwanza. Aliyechelewa huenda amekuta mwingine ametangulia. Katika teknolojia ya mchakato tunaona ni afadhali kuweka ombi la msingi mara matokeo ya mtambo wa majaribio yanapothibitika, kisha kufuatisha maombi ya chombo na ya uendeshaji jinsi michoro inavyokamilika. Familia zinazokuja nyuma ndizo zitakazokuwa hai wakati leseni zinauzwa.

Hataza isiyotosha kujenga kiwanda

Marekani ilizitwaa hataza za Wajerumani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1919 Chemical Foundation ikauziwa takriban 4,500 kwa dola 250,000, mauzo yaliyofika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani na kuthibitishwa 1926. Hataza za amonia zilikuwemo. Karatasi zilikuwepo, ruhusa ilikuwepo, na bado kiwanda cha serikali cha Sheffield, Alabama, kilichojengwa kwa njia iliyotokana na ya Haber, hakikufikia uzalishaji wa maana. Nyaraka za BASF zilitaja orodha ndefu za vichocheo na viongezo bila kueleza ni kipi hasa kinachotiwa kinuni na kinatayarishwaje. Wamarekani walilazimika kuanzisha maabara yao na kukitafuta kichocheo upya.

Leo hila hiyo ina hatari. Sheria inataka maelezo yamwezeshe fundi wa fani hiyo kuurudia uvumbuzi, na hataza isiyorudiwa inaweza kufutwa. Hata hivyo mpaka kati ya kinachotangazwa na kinachofichwa upo kihalali, na kampuni makini huuchora kwa uangalifu. Kinachoonekana kwa mteja, kwa mtengenezaji wa vyombo au kwenye sampuli kiombewe hataza: umbo la kinu, mpangilio wa vibadilisha joto, aina ya chuma, mchanganyiko wa kichocheo. Kinachobaki mikononi mwa mafundi kiwe siri: programu ya kukokotoa mwendo wa kinu, utaratibu wa kuunganisha mabomba kwa moto, na jinsi ya kukiamsha kichocheo.

Hilo la mwisho linastahili maelezo. Kichocheo cha chuma hufika kikiwa magnetaiti. Ndani ya kinu hupunguzwa kwa haidrojeni hadi kuwa chuma, na mvuke wa maji hutoka. Mvuke huo ni sumu kwa chuma kilichokwisha kupunguzwa, hivyo joto hupandishwa polepole, siku kadhaa, huku kiasi cha maji kwenye gesi inayotoka kikipimwa kila mara. Ukiharakisha, tabaka la juu humwagia la chini maji, na uwezo unaopotea hapo haurudi. Ratiba ya kupandisha joto imejaa uzoefu wa mitambo mingi. Ukiiombea hataza unaifundisha dunia jambo ambalo hutaweza kumshika mtu yeyote akilifanya, kwa sababu hufanyika mara moja, usiku na mchana, ndani ya ukuta wa mwenye kiwanda.

Siri nayo ina masharti yake. Iwe imeandikwa, iwe na tarehe, ijulikane ni nani wanaoijua, na kila anayeoneshwa awe ametia saini. Siri iliyoko kichwani mwa mhandisi mmoja huondoka naye.

Waliopita njia nyingine

Miaka ya 1920 ilionyesha jinsi ya kuzunguka hazina ya mwenzako kwa kubadili uhandisi. Georges Claude huko Ufaransa alipanda hadi karibu angahewa 1,000 (shinikizo mara 1,000 ya lile la hewa tuliyomo). Kwa shinikizo hilo sehemu kubwa zaidi ya gesi hugeuka amonia, nayo hugeuka kimiminika kwa kupozwa na maji tu, kwa hiyo aliweza kuipitisha gesi kwenye vinu kadhaa vilivyofuatana bila kuirudisha mwanzoni. Mzunguko, lile jiwe la pembeni la dai la 1908, haukuwemo. Luigi Casale, aliyeanzisha kampuni yake Lugano mwaka 1921, alifanya kazi kwa angahewa mia kadhaa na kuacha kwa makusudi asilimia chache za amonia kwenye gesi inayorudi kinuni. Amonia hiyo hupunguza kasi ya mmenyuko mwanzoni mwa tabaka, na kichocheo hakiungui. Giacomo Fauser na Montecatini walikwenda njia yao.

Kwa hiyo ukimaliza kuandika dai, kaa chini na mhandisi ambaye hakushiriki uvumbuzi, mwambie: lipite hili. Mpe siku chache. Atakachokuletea, kama kinaweza kufanya kazi hata kwa gharama ya juu kidogo, kiongeze kwenye ombi kabla halijawekwa.

Urea: aina tatu za dai

Urea hutengenezwa kwa hatua mbili. Amonia na kaboni dioksaidi huungana kuwa kabamati ya amonia kwa kasi na kutoa joto. Kabamati hupoteza maji na kuwa urea, polepole na bila kukamilika. Inayobaki lazima irudishwe, na kabamati yenye moto hula chuma kwa ukali mkubwa. Hapo ndipo hataza za fani hii zimerundikana.

Stamicarbon mwaka 1953 ilipata dawa ya kutu: kutia oksijeni kidogo kwenye kaboni dioksaidi, ili utando wa oksidi juu ya chuma cha pua ujijenge tena kila unapoliwa. Kipimo cha zamani ni kama asilimia 0.6 ya ujazo. Miaka ya 1960 ikaja hatua kubwa, stripa: kibadilisha joto kilichosimama wima, myeyusho ukishuka ndani ya mabomba kama utando mwembamba na kaboni dioksaidi ikipanda kutoka chini, kabamati ikivunjika kwa shinikizo lile lile la kinu, karibu angahewa 140. Gesi hurudi bila kupigwa pampu upya. Snamprogetti ikafika mahali hapo hapo kwa kufukuza gesi kwa amonia, baadaye kwa joto peke yake, ikitumia mabomba ya titani. Kisha, kwa ushirikiano na Sandvik, watengenezaji chuma wa Sweden, Stamicarbon ikaleta chuma cha Safurex, chenye kromiamu nyingi, kinachovumilia oksijeni kidogo zaidi. Faida ya kupunguza oksijeni ni usalama pia: haidrojeni iliyomo kwenye kaboni dioksaidi hukusanyika mwishoni mwa mkondo, na ikikutana na oksijeni ya kutosha hulipuka.

Linganisha sasa. Kipimo cha oksijeni hakionekani kutoka nje. Mwendeshaji hufungua valvu na hakuna anayejua. Mpangilio wa stripa huonekana kwenye michoro ya zabuni na kwenye vyombo vinavyopakiwa bandarini. Aina ya chuma hujulikana kwa kipande kidogo na kipimo cha maabara, hata miaka 10 baadaye. Ukilazimika kuchagua moja ya kulipia ada katika nchi nyingi, lipia ya chuma.

Na kuna jambo la kisheria ambalo wahandisi wengi hawajaambiwa. Mkataba wa TRIPS, ule wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu mali bunifu, ibara ya 34, unaweza kumgeuzia mshtakiwa mzigo wa kuthibitisha kwamba hakutumia mchakato wako, hasa pale bidhaa inapokuwa mpya. Amonia na urea si bidhaa mpya. Kwa njia hiyo mwenye hataza ya mchakato wa urea hana msaada. Itambidi alete ushahidi mwenyewe. Kinachomsaidia zaidi ni ibara ya 28, inayompa haki juu ya bidhaa iliyopatikana moja kwa moja kwa mchakato wake: shehena ya urea ikiingia nchi yenye hataza hai, inaweza kuzuiwa hapo ingawa kiwanda kiko kwingine.

Ndiyo sababu kila inapowezekana tunaandika uvumbuzi mmoja kwa madai ya namna nne: mchakato, chombo, mtambo mzima, na njia ya kukarabati mtambo wa zamani. Dai la chombo humgusa mtengenezaji wa vyombo. Dai la ukarabati humgusa mkandarasi anayeingia kiwandani kubadili matumbo ya kinu. Casale imejijengea jina kwa ukarabati, na hataza zake nyingi zimeandikwa hivyo. Mfano mzuri ni kinu chake ambamo gesi hupita tabaka la kichocheo zaidi kwa upande na kidogo kwa wima: ukuta wa kukusanyia gesi hauna matundu sehemu ya juu, hivyo sehemu ya gesi hulazimika kushuka kupitia kichocheo cha juu, na kifuniko cha kuziba juu hakihitajiki. Upotevu wa shinikizo unakuwa mdogo, kichocheo cha punje za milimita 1.5 hadi 3 kinatumika badala ya 6 hadi 10, na punje ndogo hufanya kazi zaidi. Yote hayo huingizwa ndani ya ganda la zamani.

Kuandika vipimo

Madai mengi ya mchakato hufia kwenye namba. Ukidai joto la 350 hadi 500, jaribio moja lililochapishwa zamani kwa 400 linatosha kukuvunja, mambo mengine yakiwa sawa. Andika kwa ngazi: upana wa kwanza, ulio bora, ulio bora zaidi, na namba za pekee za majaribio yako. Ngazi zote ziwemo siku ya kuweka ombi. Ofisi ya Hataza ya Ulaya hairuhusu kuongeza baadaye jambo ambalo halikuandikwa, na iko kali kweli. Kama ombi linasema tu kwamba ukuta usio na matundu una urefu wa mita 1, huwezi baadaye kudai asilimia 5 hadi 15 ya kimo cha tabaka, hata kama kila mhandisi angeielewa hivyo.

Eleza kila kipimo kimepimwaje. Shinikizo ni la geji au kamili? Joto limechukuliwa mlangoni mwa tabaka, katikati, au linapotoka? Tofauti inaweza kupita nyuzi 100 ndani ya tabaka moja la amonia. Mtiririko ni mita za ujazo katika hali ya kawaida kwa kila mita ya ujazo ya kichocheo? Eneo la uso la kichocheo limepimwa kwa njia ya BET (kupima uso kwa gesi inayonata juu yake), baada ya kupunguzwa au kabla? Pasipo majibu hayo mpinzani atasema dai halieleweki au halirudiwi, na atakuwa na haki.

Weka majaribio ya kulinganisha. Jaribio moja ndani ya mipaka, moja karibu na kila ukingo, na angalau moja nje kidogo ya ukingo linaloonyesha matokeo yanashuka. Bila hilo la nje, mipaka yako inaonekana imeokotwa tu. Waliozoea maabara hutupa majaribio yaliyoshindwa; kwenye kazi hii hayo ndiyo ya kutunza.

Kalenda na vinywa

Tangu ombi la kwanza una miezi 12 kuomba nchi nyingine kwa kutumia tarehe ile ile. Mwezi wa 18 ombi hutangazwa. Kwa njia ya kimataifa, nchi nyingi hutaka uingie kufikia mwezi wa 30, Ulaya na ARIPO (shirika la kikanda la mali bunifu la Afrika) mwezi wa 31. Hataza ya Ulaya ikitolewa, yeyote anaweza kuipinga ndani ya miezi 9. Usikose kupinga za washindani hapo, maana baadaye utalazimika kwenda mahakamani.

Ila kinachoharibu zaidi kuliko kalenda ni vinywa. Muuzaji humwonyesha mteja mchoro mpya kabla ya mkataba wa siri. Mhandisi huwasilisha matokeo kwenye mkutano wa usalama wa mitambo ya amonia. Kipimo cha uwezo hufanywa kiwandani kwa mteja mbele ya wakandarasi watatu. Ulaya haitoi muda wa msamaha kwa makosa ya kawaida kama hayo. Marekani hutoa miezi 12, lakini uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2019 katika kesi ya Helsinn na Teva ulithibitisha kwamba hata mauzo ya siri huhesabika. Kwa hiyo ombi liwekwe kabla ya zabuni kutumwa, na ofisi ya mauzo ipewe orodha ya mambo yasiyotajwa, iliyo fupi kiasi cha kukumbukwa.

Nchi za kuombea huchaguliwa kwa mambo matatu: mitambo itajengwa wapi, vyombo vizito vinaundiwa wapi, na washindani wanachorea wapi. Nchi yenye gesi nyingi ni ya kundi la kwanza. Italia, Korea Kusini, Japani, India na China zina karakana za vyombo vya shinikizo kubwa. Ada hupanda kadiri hataza inavyozeeka, hivyo kila mwaka pitia safu ile ya kuonekana na uache zisizoonekana wala kutumika.

Upande wa mnunuzi

Anayetaka kujenga mtambo wa mbolea Tanzania au Kenya asidhani kwamba hataza ya Lugano inamfunga. Hataza hufanya kazi katika nchi ilikotolewa tu. Atafute familia zilizoitaja nchi yake kupitia Itifaki ya Harare ya ARIPO, kisha rejista ya BRELA (Tanzania) au KIPI (Kenya), na aulize kwa maandishi kama ada zinaendelea kulipwa. Zanzibar ina sheria yake ya mali ya viwanda ya 2008, iangaliwe peke yake. Akikuta pako wazi, bado kuna maswali mawili: stripa itaundwa nchi gani, na urea itauzwa wapi?

Mchakato wa msingi wa stripa wa miaka ya 1960 umetoka kwenye ulinzi kitambo. Yeyote anaweza kuujenga. Mnunuzi hulipa mtoa leseni kwa sababu ya siri za kazi na dhamana. Basi mkataba usome hivyo. Uorodheshe hataza kwa nchi, hali yake na tarehe ya kuisha. Useme malipo yanapungua vipi zinapoisha. Mtoa leseni abebe madai ya watu wengine, pamoja na yale yanayotokana na vyombo alivyopendekeza. Angalia kifungu cha uwezo: leseni ya tani 2,000 kwa siku mara nyingi haihusu tani 2,300 ambazo mtambo uleule utatoa ukishazoeleka, na ziada hutozwa upya. Angalia pia kifungu cha maboresho, kwani fundi wa kiwandani akibuni valvu au utaratibu mpya, mikataba mingi hutaka umrudishie mtoa leseni bure. Omba irudi kwa pande zote mbili, na jina la fundi liandikwe kama mvumbuzi. Hili la jina ni takwa la sheria, na likikosewa hataza inaweza kuyumba.